Swaumu ya Shamba, Swaumu ya Pori, na Vidonge vya Mama Yako

Mshangano, Songea
Ijumaa, saa nane mchana

Mwanangu Editha,

Tangu asubuhi nasikia shangazi yako akikupangia maisha ya Mbeya: ndoo iwe na mfuniko, makoti yawe mawili, nguo za ndani usianike nje, mtu akikuchekea sana bila sababu ondoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Shangazi yako anajua kuishi na watu. Mimi nimejua kugombana nao tu, na unajua nimegombana na wangapi: wakuu wa shule watatu, paroko mmoja, wenyeviti wa mtaa wote, na yule bwana wa redio aliyenikatia simu katikati ya sentensi.

Nakuandikia kuhusu mmea. Unakwenda kusomea famasia. Siku moja mwalimu wenu atasimama mbele ya darasa azungumze kidogo juu ya vitunguu swaumu, vile vya kulima na vile vya porini, kisha aendelee na mambo mengine. Wenzako wataandika mistari miwili. Wewe utakaa pale umkumbuke mama yako, na utakachokikumbuka kitakuwa uongo. Uongo huo ni wa kwangu. Nimeishi nao miaka mitatu nikila nawe meza moja, na sitaki uubebe ukapande nao basi kesho.

Nianze na kijitabu changu, maana ndiko nilikoanzia kupotea.

Unakijua, kile cha jalada la kijani, kurasa kumi na mbili, nilichokitolea kopi pale steshenari ya Majengo mpaka mashine ikachoka. Niliandika kwamba swaumu ya shamba, hii nyeupe yenye vichwa vikubwa inayojaa sokoni, ni mmea uliofugwa, umelishwa mbolea na umepoteza hasira yake. Nikaandika kwamba ile ya pori, inayoota yenyewe kwenye mbuga na miteremko yetu, haijamtii mtu, kwa hiyo nguvu yake ni kamili. Nikaandika kwamba vidonge vya presha ni kamba. Ukianza kuvimeza hutaacha, na mwenye kuishika kamba hiyo hakai Songea.

Watu walipiga makofi. Kwenye ukumbi wa parokia nilisimama saa nzima na hakuna aliyetoka nje. Nilikuwa nimesoma sana, Editha. Nilisoma jinsi tulivyonyang'anywa ardhi na majina, jinsi tulivyofundishwa kudharau kila kilicho chetu, na mengi ya hayo ni kweli, nayaamini hata leo. Lakini niliichukua kweli hiyo nikaipeleka mahali ambapo haikuwa na kazi. Mmea haujui siasa. Mshipa wa damu haujui nani alitutawala.

Na mimi ni mwalimu wa historia, katika mji huu! Miaka ishirini nimewafundisha watoto wa Songea habari za wale mababu walioamini kwamba dawa ya maji itazuia risasi. Mwanafunzi aliyecheka nilimtoa nje. Nilikuwa nawaambia, dawa ile iliwaunganisha watu waliokuwa hawajawahi kusimama pamoja, na hilo si jambo la kuchekwa. Sijabadilika. Ila kuunganisha watu ni kazi moja na kuzuia risasi ni kazi nyingine. Tofauti hiyo niliijua vizuri sana nikiwa na chaki mkononi. Jikoni kwangu niliisahau.

Sasa nikueleze mimea yenyewe kama ninavyoielewa leo, bila makofi.

Ya shamba unaijua. Kichwa kimoja, punje nyingi, ganda kama karatasi. Ukiiponda na kuiacha itulie kidogo kabla ya kuipika, ukali wake unajitokeza. Ukiitumbukiza nzima kwenye maji yanayochemka, sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta inapotea. Watu wengi wameichunguza kwa muda mrefu. Kwa baadhi ya wagonjwa inaweza kushusha presha kidogo. Inapunguza kuganda kwa damu pia, ndiyo maana daktari mwenye akili humwuliza mgonjwa anayekwenda kupasuliwa kama anaila kwa wingi. Haya yote yanajulikana kwa sababu imefugwa. Punje ya leo inafanana na ya jana, kwa hiyo mtu anaweza kupima. Kile nilichokiita udhaifu ndicho kinachoifanya iaminike.

Ya pori uliiona kwenye mfuko wa Mzee Saidi. Kitunguu chake ni kidogo na hakigawanyiki punje, mizizi yake minene, majani membamba marefu. Ua lake ni dogo, la rangi kama ya udongo, na katikati lina kikombe cha rangi ya chungwa. Ponda jani na harufu ni ileile. Pua yangu iliniambia hawa ni ndugu, na mimi nikaamua kwamba ndugu wa porini lazima awe mwenye nguvu zaidi. Labda ni kweli. Labda kwa kifua na mafua ina nguvu kweli, maana wazee hawakuitumia muda wote huo kwa kujifurahisha. Lakini kwa presha ya mama yako mimi nilijua nini? Nilijua harufu.

Mzee Saidi alijua zaidi yangu, na alisema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengi. Unamkumbuka, yule Myao wa Nakapanya mwenye kofia iliyofifia, aliyekuwa akifika kwetu na mizizi yake kila baada ya miezi miwili. Baada ya kijitabu changu kuenea, alikuja kunishukuru kwa wateja. Tukakaa barazani. Nikamwambia nataka ya kutosha kwa ajili ya mama Editha, kwa presha.

"Presha, Mwalimu?" akasema. "Mimi hii nawapa watu kwa kifua. Kwa minyoo. Presha sijui."

"Ni ileile swaumu, Mzee Saidi. Ila yako ni kali zaidi."

"Kali, ndiyo. Lakini ukali wake haukai. Mwaka wa mvua nyingi inakuwa majimaji tu, unatafuna kama nyasi. Mwaka wa jua inakata ulimi. Ya huku bondeni si sawa na ya kule mlimani. Sasa nikuambie unywe ngapi? Wallahi siwezi."

"Wazee wako walipimaje?"

"Walikuwa wanampa mgonjwa kidogo, wanakaa naye. Wanamwangalia. Akitapika wanaacha." Akacheka. "Wewe Mwalimu huwezi kukaa na mtu kimya, utamhutubia."

Nilicheka naye. Kisha akafunga mfuko wake, akasimama, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa: "Mama anameza vidonge vya hospitali?"

"Anameza."

"Basi asiache. Hii anywe akipenda, lakini vile asiache. Na usiende kuchimba mwenyewe. Kuna vitunguu vinafanana na hiki kabla ya kuchanua, na vingine vinaua. Mtoto wa dada yangu tulimzika kwa hicho."

Mtu ambaye hajamaliza darasa la nne, aishiye kwa kuuza kitu hicho, alinipa onyo ambalo lingemharibia biashara. Na mimi msomaji wa vitabu nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani nikifikiri: masikini, hata huyu wamemtisha.

Sasa nakuja kwenye yale usiyoyajua.

Wewe ndiye uliyekuwa unampa mama yako kidonge kila jioni baada ya rozari. Hakuna aliyekulazimisha. Nesi alipomwambia mama yako kwamba akiruka siku dawa haifanyi kazi, wewe ulisikia, ukaichukua kazi hiyo. Ulikuwa mkali kuliko nesi. Mama yako alikuwa akikuona tu unakuja na kikombe anasema, "Haya, polisi amefika."

Likizo ile ya Juni ulikwenda Mbinga kwa mjomba wako kuchuma kahawa. Ulitakiwa urudi baada ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka ulimwonyesha mama yako vidonge kwenye kopo la majani ya chai, ukamfundisha kuhesabu kama mtoto. Kisha ukanigeukia mimi: "Baba, usimsahaulishe."

Asubuhi ya tatu baada ya wewe kuondoka nilichemsha swaumu ya pori. Naam, niliichemsha. Hata huo ukali niliousifu kurasa kumi na mbili niliuulia kwenye sufuria. Nikampelekea mama yako nikamwambia, tuvipumzishe vidonge hivi muda Editha hayupo, tujaribu hiki, tutapima, halafu tutampelekea daktari majibu atie akili.

Mama yako hakutaka. Usije ukafikiri alikuwa mjinga aliyefuata tu. Alisema, "Baba Editha, wewe gombana na serikali. Mwili wangu uache."

Nikamhutubia. Mzee Saidi alinijua vizuri. Nilimhutubia siku mbili, jikoni, kitandani, njiani kutoka misa. Nilimwuliza kama anamwamini zaidi mtu asiyemjua wa kiwandani kuliko mumewe. Nilimwuliza mbele ya Mama Haule, jirani, ili aone haya kukataa. Siku ya tatu akachoka. Akachukua kikombe, akanusa, akakunja uso.

"Kwa pumzi hii hata shetani hatanisogelea. Wewe sembuse."

"Utapona, Skola."

"Editha atanigombeza."

"Editha atakuta umepona."

Akanywa. Wiki ya kwanza tulipima presha kwenye duka la dawa na ilikuwa imetulia. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Sikufikiria kwamba alikuwa ameacha chumvi kwa sababu nilimkataza. Sikujiuliza kama vidonge alivyokuwa amemeza vilikuwa bado vinamshikilia. Sikurudi kupima tena. Mtu wa mabishano akipata jibu analolitaka hatafuti la pili. Ukiwa mtaalamu wa dawa, ogopa sana furaha ya namna hiyo.

Wiki mbili zikaisha, hukurudi. Ulipiga simu ukaomba siku chache zaidi, binamu yako alikuwa anapata kipaimara na kulikuwa na sherehe. Mama yako akakuruhusu. Jumatano ya wiki ile, alikuwa anachambua mchele, akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hajawahi kuliita tangu tuoane, na mdomo wake ukaenda upande.

Hospitali daktari alikuwa kijana, anatoka jasho. Aliniuliza mara moja, "Mzee, mgonjwa alikuwa anatumia dawa zake?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilimdanganya mtu aliyekuwa na mikono yake juu ya mwili wa mama yako. Hakuna aliyenilazimisha, hapakuwa na umati wa kunishangilia. Niliogopa tu kwamba kijana yule angenitazama kwa namna fulani. Je, kweli ingebadilisha chochote? Sijui. Wewe baada ya miaka michache utajua, na nimekubali kwamba utalijua jibu hilo na mimi sitathubutu kukuuliza. Alikaa siku mbili. Ulifika amekwisha kufunikwa.

Na jioni ya maziko, watu wakiwa bado uani, wewe ulikwenda moja kwa moja jikoni ukachukua kopo la majani ya chai. Nilikuona kupitia mlangoni. Ulihesabu vidonge. Ulihesabu mara ya pili. Vilikuwa karibu vyote kama ulivyoviacha. Ukaja kwangu ukiwa umelishika kopo kwa mikono miwili, na ukasema, "Baba, hakumeza. Hakumeza kwa sababu sikuwepo. Ningerudi Jumamosi kama nilivyoahidi. Ni mimi, baba."

Nilikuwa na nafasi yangu pale. Maneno matatu yangetosha. Nikakukumbatia nikasema, "Usijilaumu, mwanangu. Ni mapenzi ya Mungu."

Kila aliyekuwepo alisema, tazama baba huyu, anavyomfariji mtoto katika msiba wake. Wewe ulilia kifuani kwangu. Na faraja ile ilifanya kazi moja tu: ilikuthibitishia kwamba kulikuwa na kosa la kusamehewa, na kwamba lilikuwa lako. Mimi, ambaye sijawahi kumwogopa mwenyekiti wala paroko, nilijificha nyuma ya binti wa miaka kumi na saba na kumsingizia Mungu.

Tangu hapo umebadilika na nimekuangalia ukibadilika. Hukuwahi tena kulala nje ya nyumba hii. Uliacha kwaya kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni. Mwezi uliopita fomu za chuo zilipokuja, shangazi yako alikuuliza kwa nini famasia na si ualimu, nawe ukamjibu, "Nataka kuhakikisha hakuna mtu atakosa dawa kwa sababu yangu tena." Ulisema polepole, ukiwa unakata mboga. Nilitoka nje nikakaa chooni mpaka chakula kikapoa.

Utauliza kwa nini sikukikana hata kijitabu. Nilijaribu, kwa uoga wangu. Niliacha kukitoa kopi, nikadhani kitakufa. Hakifi. Steshenari wanacho, wanakitoa wenyewe. Wiki ya Pasaka alinipigia mama mmoja kutoka Mbesa, huko wilaya ya Tunduru, simsikii vizuri, anafurahi.

"Mwalimu, shikamoo! Nakushukuru. Mume wangu ameacha vidonge, anakunywa ile ya pori kama ulivyosema."

Nikamwambia, "Mama, mrudishie vidonge leo hii. Mpeleke akapimwe. Hospitali mnayo hapohapo."

Akauliza, "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Hapana. Mwalimu hawezi kusema hivyo. Ukurasa wa nne ameandika watakuja watu kututisha, tusiwasikilize."

"Ni mimi, mama. Ukurasa wa nne niliuandika mimi, na nilikosea."

"Wamekulipa," akasema, na akakata. Nilipiga tena mara nyingi. Hakupokea. Sijui mume wake yuko hai. Ndivyo nilivyo siku hizi, Editha: natoka sokoni nikikutana na watu wananipa mkono, nami naogopa kuwauliza wamefanya nini na maneno yangu. Nikiwaambia ukweli, wanaona nimenunuliwa. Niliwafundisha vizuri mno kutomsikiliza anayewaonya. Sioni namna ya kuyarudisha, na usinitafutie namna, sikuandikii ili unitulize.

Nina machache ya kukuomba kwa kazi yako, na unaweza kuyatupa.

Usimdharau Mzee Saidi kwa sababu yangu. Alisema ukweli kuliko mtu yeyote katika habari hii. Na usiuchukie mmea. Haukumuua mama yako. Alikufa kwa kuachishwa dawa, na aliyemwachisha ni mimi, kwa mdomo wangu. Huko chuoni utakutana na wanaocheka kila kitu cha porini, na hapa nyumbani umelelewa na aliyekicheka kila kidonge. Wote wawili wanafanana, wamejibu kabla ya kupima.

Mgonjwa akija dirishani kwako, mwulize anakunywa nini kingine nyumbani, na umwulize kwa sura ambayo itamfanya ajibu. Mama yako aliwahi kumtajia nesi kwamba anatafuna swaumu kidogo, ile ya shamba, na nesi akamkaripia mbele ya foleni nzima. Hakutaja tena chochote. Nami nililitumia karipio lile kama silaha, siku zile mbili za kumhutubia. Na akija mtu na mumewe, na mume ndiye anayejibu maswali yote, mtafutie yule mke nafasi ya kusema akiwa peke yake.

Mwisho, sikia hili, na ulisome mara mbili kama ulivyohesabu vile vidonge. Mama yako hakusahau. Hakukosa mtu wa kumkumbusha. Kama ungerudi Jumamosi, ungekuta amekwisha kuacha dawa zaidi ya wiki, kwa ajili yangu, na labda ungeliokoa jambo, labda usingeweza. Lakini kuwepo kwako kusingehitajika kama mimi ningekuwa mtu. Kama unakwenda kusoma famasia kulipia kosa, kosa hilo huna. Ukitaka kusoma kitu kingine, badilisha, nitapigana na yeyote. Ukitaka kubaki na famasia, baki kwa sababu unaipenda.

Barua hii sitaiweka kwenye begi lako uikute njiani, nikiwa salama huku. Nitakupa mkononi sasa hivi, shangazi yako akiwa bado sokoni, nami nitakuwa nyuma ya nyumba. Jioni watakuja wajomba na majirani kukuombea safari, na kama desturi yetu mzazi ndiye anayemwekea mkono kichwani anayeondoka. Mkono wangu usikuguse kabla hujajua mkono huo ulifanya nini. Ukiona huutaki, mwambie shangazi akuwekee yeye, hutadaiwa maelezo na mtu. Mimi nitasimama mlangoni, nitaitikia amina pamoja na wengine.

Baba yako